Mkihesabu mninga, hesabuni na uyoga

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, maana hili jambo la uyoga wetu wa msituni naona linapita kimya kimya kila mwaka.

Kila ikifika Aprili 1, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, tunaona picha za wakubwa wameshika miche, na miche yenyewe mara nyingi ni mikaratusi au paini. Sina ugomvi na hiyo miti, nguzo na mbao tunazihitaji. Ila huku kwetu Tabora uyoga wetu wa msituni hauoti chini ya mkaratusi, ng'o! Unaota chini ya miti ya asili kama mtundu, myombo na wenzake, na hiyo ndio miti inayoishia kwenye matanuri ya mkaa na mabani ya kukaushia tumbaku.

Kinachofanya iwe hivyo ni kwamba ule uyoga tunaouchuma ni tunda tu, wenyewe uko chini ya udongo, ni nyuzi nyembamba kweli kweli zilizoshikana na mizizi ya mti. Kipindi cha mvua fukua taratibu pembeni ya mtundu mpaka ufike kwenye vimizizi vya mwisho kabisa, utakuta ncha zake zimevishwa kitu kama soksi, basi huo ndio uyoga. Mti unaulisha sukari iliyotengenezwa na majani, uyoga nao unautafutia mti maji na fosforasi kwenye huu udongo wetu wa kichanga ambao hauna rutuba ya maana. Ukiung'oa mti umeng'oa na uyoga, hata mvua inyeshe vipi, na ndio maana sehemu zilizosafishwa kwa ajili ya mashamba kina mama hawaendi tena kuchuma, wanazipita tu.

Na kinachoniuma zaidi ni hesabu zetu za misitu. Mninga unalindwa, una kibali, una nyundo ya kugonga alama, sawa, ni mti wa pesa. Lakini mninga ushirika wake na viumbe vya udongoni ni wa aina nyingine, hautoi uyoga wa kutia kwenye sado. Mtundu ambao mbao zake hazina soko kubwa tunauita kuni. Kwa hiyo mti unaolisha watu kuanzia mvua za kwanza mpaka Machi huko kwenye makaratasi ni kuni!

Tena aina ni nyingi, sio uyoga mmoja. Kuna ule wa rangi ya machungwa, ukiugeuza chini huoni vile vijikaratasi vyembamba bali mikunjo mikunjo inayoteremka mpaka kwenye shina. Kuna unaotoa maziwa ukiuvunja. Ule wa machungwa wenyewe una ndugu wengi, na mtafiti Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake mwaka 2008 walitangaza aina moja ya jamii hiyo ambayo sayansi ilikuwa haijawahi kuiandika, kutoka hapa hapa Tanzania. Sasa jiulize ni ngapi zimekatiwa miti yake kabla hata mtu hajazipa jina.

Uyoga wa kichuguu habari yake ni tofauti, ule unalimwa na mchwa wenyewe ndani ya kichuguu, shina lake limezama chini mpaka kwenye bustani yao, na huku ukanda wa misitu ya miombo upo wa aina ambayo kofia yake inaweza kufika karibu mita moja. Huu wa kichuguu, hata mti ukikatwa, unaweza kubaki, ila trekta ikisawazisha kichuguu umeisha. Na wale wanaosema tutapanda wa kwetu majumbani, huo uyoga mamama wa kwenye mifuko ni mzuri na unalipa, lakini unaota kwenye mabua na pumba. Huu wa mtundu unataka mti ulio hai, huwezi kuufunga kwenye mfuko.

Sisemi mkaa upigwe marufuku, tutapikia nini? Kilosa, mkoani Morogoro, kuna vijiji vilionyesha njia, msitu umegawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, kimoja kinavunwa cha jirani kinaachwa, mzunguko ni miaka 24, na visiki having'olewi vinaachwa vichipue. Kwa macho ya mtu wa uyoga mpango huo una akili sana, kwa sababu mzizi wa kisiki kilicho hai una nafasi ya kuendelea kumlisha mwenzake, yaani uyoga, na kitalu cha jirani kina mbegu zake zinazopeperushwa na upepo.

Kwa hiyo ombi langu kwa kamati za maliasili za vijiji na maofisa misitu wetu ni dogo tu. Mnapoandika mpango wa usimamizi wa msitu wa kijiji wekeni na ukurasa wa uyoga, waiteni kina mama wanaochuma, wao wanajua kila eneo linatoa uyoga gani na mwezi gani, wawaonyeshe. Hayo maeneo yasipewe kibali cha kung'oa visiki, na vichuguu viachwe. Na Aprili 1 ijayo kama miche ya mtundu haipatikani kwenye vitalu vya miche, basi kamati itenge eneo lenye visiki na kulizuia lisichomwe moto, vitachipua vyenyewe bila hata picha.

Msomaji wako,
Sikonge, Tabora