Risala ya Wakutubi wa Chuo kwa Mgeni Rasmi, Wiki ya Utafiti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Makamu Mkuu wa Chuo,
Wakuu wa Ndaki na Idara,
Watafiti na wanafunzi,
Mabibi na Mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali kuingia maktabani. Wageni wengi wa wiki hii hupelekwa maabara na mashamba ya majaribio, sisi wakatupita mlangoni.

Wakutubi tumezoeleka kama watu wa dawati: msomaji anakuja, anaomba kitabu, tunampa, anakwenda zake. Kazi hiyo tunaipenda na hatuiachi. Ila kwa miaka michache sasa baadhi yetu tumeufuata utafiti huko huko unakofanyika. Mkutubi anakaa kwenye vikao vya timu tangu andiko la mradi linapoanza kuandikwa. Anasaidia kunyoosha swali la utafiti, anatafuta machapisho, anapanga na wenzake data zitahifadhiwa wapi na nani ataruhusiwa kuziona, na anabaki hadi makala inapotoka.

Timu ya kwanza kutukaribisha ilikuwa ya mihogo. Walikuwa wakiandaa andiko kuhusu michirizi ya kahawia, ugonjwa ambao mkulima anaweza kuona shina limesimama vizuri, akichimba anakuta muhogo umeoza. Mwenzetu aliyetumwa huko alipewa orodha ya marejeo ya kurasa nne. Chapisho la zamani kuliko yote lilikuwa la miaka ya 1990. Akauliza kama kabla ya hapo ugonjwa haukuwepo.

Ulikuwepo, Mheshimiwa, tena ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza katika nchi hii hii. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea, H. H. Storey, aliuandika mwaka 1936 akiwa kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara. Kituo hicho kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Watafiti wa Amani waliendelea kwa miaka mingi kuchanganya muhogo na jamaa zake wa porini, ukiwemo mti wa mpira wa Ceará, wakitafuta aina itakayohimili magonjwa. Mbegu chotara zilizotoka Amani ndizo baadaye zilizotumika Nigeria kuzalisha aina nyingi za mihogo zinazohimili batobato, ugonjwa mwingine wa mihogo. Sehemu kubwa ya habari hizo imo kwenye ripoti za mwaka na majarida ya zamani, karatasi zilizogeuka manjano, ambazo ukizitafuta kwenye hifadhidata za intaneti mara nyingi huzipati. Mwenzetu alizifuata rafuni, akazipiga picha moja moja, akaziandikia maelezo ili zipatikane kwa kutafuta. Timu ikaliandika upya andiko lake, kwa sababu jaribio mojawapo waliloliombea fedha lilikwishafanyika kabla wazazi wao hawajazaliwa.

Kwenye mihogo tungepoteza fedha na msimu. Mwaka 2001, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, ulipotea uhai. Mwanamke wa miaka 24, mzima wa afya, alijitolea kushiriki utafiti wa pumu. Akapewa dawa ya kuvuta iitwayo hexamethonium, mapafu yakaharibika, akafariki dunia. Mtafiti alikuwa ametafuta machapisho kwenye PubMed, hifadhidata ya intaneti ya machapisho ya tiba, ambayo wakati ule haikurudi nyuma zaidi ya miaka ya 1960. Makala zilizoihusisha dawa hiyo na madhara ya mapafu zilikuwa za miaka ya 1950. Uchunguzi ulikuta na kasoro nyingine, na hatudai kwamba mkutubi peke yake angeyazuia yote. Tunachodai ni kwamba kujua hifadhidata inaanzia mwaka gani, na kilichoachwa nje yake kiko wapi, ni kazi tuliyoisomea.

Wazo la mkutubi kukaa ndani ya timu si geni. Mwaka 1971, huko Kansas City, Gertrude Lamb aliwapeleka wakutubi wodini kuzunguka na madaktari. Mwaka 2011 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa viwango vya mapitio ya kimfumo ya machapisho ya afya, yaani kukusanya na kupima kwa utaratibu maalumu machapisho yote yanayohusu swali moja, vinavyotaka watafiti wafanye kazi na mkutubi au mtaalamu wa taarifa aliyefunzwa.

Mheshimiwa, tunaitwa tukiwa tumechelewa. Makala ikirudishwa na wahakiki, wakitaka waonyeshwe maneno yote yaliyotumika kutafuta katika kila hifadhidata, ndipo simu ya maktaba inapoita. Hatuwezi kuandika njia ambayo mtu mwingine aliipita miaka mitatu nyuma bila kuweka kumbukumbu. Tunaumia pia kuona mwenzetu aliyekesha miezi sita kwenye mradi anatajwa kwenye mstari wa shukrani, chini ya dereva na mpishi, ambao nao wanastahili shukrani zao, huku naye akipimwa kwa machapisho anapoomba kupandishwa cheo. Na tu wachache. Mmoja wetu akienda na timu, dawati lake linabaki wazi.

Kwa hiyo tunaomba, kupitia kwako, fomu ya andiko la utafiti ya chuo iwe na nafasi ya jina na saini ya mkutubi wa mradi, na saa zake ziingizwe kwenye bajeti kama za mtafiti mwingine. Tunaomba pia skana kubwa ya kunakili majarida ya zamani. Yaliyopo yanaliwa na mchwa, na hatuna nakala nyingine.

Tumeziweka picha za zile ripoti za Amani kwenye meza iliyo kushoto kwako. Tutafurahi ukizitazama kabla hujaondoka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wakutubi wa Maktaba Kuu ya Chuo