Barua ya wazi kwa binamu yangu: Tshabalala hakutusaliti

Binamu,

Habari za huko? Huku sote wazima, na mama yako ameniagiza nikuambie kwamba simu zake huzipokei. Hilo mtamalizana wenyewe. Mimi nakuandikia kuhusu yale uliyoyamwaga kwenye grupu la familia juu ya Mohamed Hussein, Tshabalala wetu, beki wa kushoto aliyetoka Simba na kuhamia kwa watani wetu Yanga. Sikutaka kukujibu pale mbele ya wazee. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu maneno yako yanasemwa na wanasimba wengi, na ningependa nao wanisikie. Umemwita msaliti. Neno hilo ni zito, nami silikubali.

Tuanze na miaka. Tshabalala alitua Msimbazi mwaka 2014 akitokea Kagera Sugar, akaondoka 2025. Miaka 11, binamu. Unaikumbuka Simba ya 2014? Ubingwa wa mwisho tulikuwa tumebeba msimu wa 2011/12, na kiu ile haikukatika mpaka 2017/18. Katikati hapo Yanga walibeba mara tatu mfululizo sisi tukitazama. Beki wa kushoto anayejua kupiga krosi hakosi mteja nchi hii, angeweza kutafuta pa kwenda wakati ule na hakuna ambaye angemshangaa. Alibaki. Akabeba nasi ubingwa mara nne mfululizo, baadaye akavaa kitambaa cha unahodha, na Mei 2025 tukafika naye fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane. Tulifungwa 2-0 Morocco, tukatoka 1-1 Zanzibar, kombe likaenda zake.

Halafu kumbuka kazi yenyewe. Watu wengi uwanjani macho yao yanafuata mpira, hawamwoni beki wa pembeni mpaka akosee. Siku moja mtazame yeye tu kwa dakika kumi. Timu ikipata mpira anapanda mpaka karibu na kibendera cha kona, anasubiri pasi ambayo mara nyingi haiji. Mpira ukipotea anageuka na kukimbia mita 60 kurudi kumzuia winga ambaye hajachoka kama yeye. Akifika tu, timu imeupata tena, anapanda upya. Mara moja kati ya safari hizo ndipo anapata nafasi ya kupiga krosi, na ikigonga beki wa kwanza jukwaa zima linamzomea. Hiyo ndiyo kazi aliyotufanyia kwa miaka 11. Mguu wa binadamu una mwisho, na mchezaji wa nafasi hiyo anajua vizuri kuliko sisi misimu aliyobakiza.

Mkataba ukibakiza miezi 6, kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji azungumze na klabu nyingine. Ukiisha, yuko huru, anakwenda anakotaka bila klabu ya zamani kulipwa senti. Viongozi wa klabu zote wanaijua tarehe hiyo tangu siku ya kusaini. Kama nahodha wako unamtaka kweli, unakaa naye mezani mwaka mzima kabla, unamwekea karatasi yenye heshima mbele yake. Yeye alitimiza mkataba wake wote mpaka siku ya mwisho. Sasa usaliti uko wapi hapo?

Kinachokuuma, binamu, ni kule alikokwenda. Luis Miquissone alipotufungia lile bao dhidi ya Al Ahly kwa Mkapa, Februari 2021, ulilia kwa furaha. Miezi sita baadaye Al Ahly haohao wakamnunua, nawe ukaandika “kila la heri mwanetu”. Clatous Chama alipokwenda Berkane mwaka huohuo ulimwombea dua, na aliporudi Januari 2022 ulimpokea kama ndugu. Alipovuka kwenda Yanga Julai 2024, ghafla ukawa hukumbuki hata bao lake moja. Mimi nakumbuka. Kisigino dhidi ya Nkana, Desemba 2018. Bao la dakika za mwisho dhidi ya AS Vita, Machi 2019, lililotupeleka robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mabao matatu peke yake siku tuliyomchapa Horoya 7-0, Machi 2023. Chama, Mwamba wa Lusaka, alifanya kazi yake, akalipwa, akaenda kufanya kazi kwingine. Mabao yale ni yetu, hakuna mtu wa Jangwani anayeweza kuyahamisha.

Tena mlango huu haujawahi kufunguka upande mmoja. Haruna Niyonzima alitoka Yanga kuja kwetu 2017, tukamshangilia. Bernard Morrison alitoka Yanga kuja kwetu 2020, kesi ikafika mpaka CAS, mahakama ya michezo kule Uswisi, na sisi tulikuwa tukiimba jina lake, halafu 2022 akarudi zake Yanga. Ibrahim Ajibu alikwenda kwao 2017, akarudi 2019. Na Emmanuel Okwi je? Aliuzwa Etoile du Sahel 2013, kabla mwaka haujaisha akawa amevaa kijani na njano ya Yanga, 2014 akarudi kwetu, akaenda Ulaya, akarudi tena 2017. Msimu huo wa 2017/18 akafunga mabao 20, akawa mfungaji bora, na ubingwa tuliousubiri miaka yote ile ukarudi Msimbazi. Mimi na wewe tulikuwa pamoja siku ile tunakumbatiana na watu tusiowajua. Hukusema neno kuhusu kijani na njano.

Upande wa pili nao wana makosa yaleyale. Feisal Salum alipotaka kuondoka Yanga Desemba 2022 alitukanwa nchi nzima. Iliposikika ile habari kwamba alikuwa akila ugali na sukari watu waliigeuza utani, badala ya kuuliza mchezaji wa timu ya taifa, anayejaza uwanja kila wiki, analipwaje. Shauri lilikwenda TFF, shirikisho letu la soka, likarudi, likaenda tena, mpaka Rais Samia akalisemea mbele ya Yanga wenyewe Ikulu, Juni 2023, na siku chache baadaye kijana akawa mchezaji wa Azam FC. Miezi ile yote hakuichezea klabu yoyote. Kiungo wa kipaji kile, nusu msimu nje ya ligi kwa sababu ya makaratasi. Hilo liliniuma mimi mwanasimba, nikashangaa kuona wenye timu yao wanashangilia.

Na wale wanaokwenda mbali tunawaita fahari ya taifa. Samatta aliondoka Simba 2011 kwenda TP Mazembe. Angebaki kwa ajili ya mapenzi yetu, nani angeinyanyua ile tuzo ya mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika ya mwaka 2015? Nani angefunga Anfield akiwa na Genk, au Wembley akiwa na Aston Villa kwenye fainali ya Machi 2020? Fiston Mayele aliondoka Yanga 2023 kwenda Pyramids, na 2025 akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika, akafunga hata kwenye fainali. Watani wetu waliposti picha zake usiku kucha, na walikuwa na haki kabisa.

Kitu kinachonikasirisha mimi kwenye usajili wetu ni kingine. Klabu inamsajili mgeni kwa mbwembwe, saa sita usiku, video ya kumtambulisha ina muziki na moshi, mkataba miaka miwili. Baada ya miezi sita anapewa mkono wa kwaheri, malipo yake hayajakamilika, anakwenda FIFA, klabu inafungiwa kusajili. Limetokea si mara moja kwenye ligi yetu. Au kijana wa Kitanzania anaumia goti, mkataba unaisha akiwa kitandani, jina lake halitajwi tena. Nimekaa kwenye grupu letu miaka yote hii na sijaona hata mtu mmoja akiita klabu msaliti. Neno hilo tumemwekea mchezaji peke yake.

Sasa nije kwenye muziki, maana huko nako una hukumu zilezile. Rapa akiweka mwimbaji kwenye kiitikio, ameuza. Akichana juu ya biti ya kuchezeka, ameuza. Akitokea kwenye tangazo la simu, ndiyo amekufa kabisa. Binamu, mimi ni mtu wa mistari kama wewe. Wimbo usio na mstari wa kunifanya nirudishe nyuma nisikilize tena siuweki kwenye simu yangu. Fid Q kwangu ndiye mwandishi, namna anavyopanga fikra ndani ya vina bila kukimbizwa na biti, bado sijamwona wa kumfikia. Dizasta Vina akianza kusimulia naacha kazi niliyoshika. Vijana wanaochana Kiingereza nusu mstari ili waonekane wa mbele hawanigusi. Lakini ladha yangu ni ladha yangu, siwezi kuigeuza kuwa sheria ya namna msanii atakavyolisha wanawe.

Angalia hesabu. Januari 2022 Cosota, ofisi ya hakimiliki, iligawa mirabaha ya Sh312 milioni kwa wasanii 1,123. Ukigawanya sawa kwa sawa, kila mmoja hafikishi laki tatu. Hiyo haitoshi kodi ya vyumba viwili Sinza kwa miezi mitatu. Na kabla ya hapo, enzi za kanda, msanii alikuwa anapeleka albamu kwa msambazaji Kariakoo, anapewa fungu lake mara moja, kanda inauzwa mpaka Kigoma yeye anapanda daladala akisikiliza sauti yake mwenyewe kwenye redio ya dereva. Hao ndio waliotufundisha mimi na wewe kwamba Kiswahili kinaweza kuchana.

Profesa Jay alipougua 2022 na kulazwa Muhimbili muda mrefu, nchi nzima ilichanga. Tulichanga hata sisi, na nilifurahi kuona Serikali nayo imeingia. Alipotoka hospitali nilimshukuru Mungu kwa sauti. Ila nilijiuliza swali ambalo nataka ulijibu: mtu aliyeandika mashairi ambayo kila Mtanzania wa umri wetu anayajua kwa moyo, kwa nini afike mahali pa kuchangiwa? Tungekuwa tumelipa kazi yake ilipotoka, bili ile ingekuwa ndogo kwake. Kwa hiyo ukimwona rapa wa leo ana tangazo, ana duka la nguo, ana kolabo na waimbaji watatu, shukuru. Sugu na Profesa Jay walipata njia ya Bunge, MwanaFA akaenda Bungeni na Februari 2023 akateuliwa Naibu Waziri wa wizara hiyohiyo ya sanaa na michezo. Wengine njia yao ni kiitikio kitamu. Waache wapite.

Kuhusu televisheni sina mengi, maana hapo tunakubaliana kwa sehemu kubwa. Wewe unalalamika kifurushi ni ghali, na kwenye kibanda umiza wamepandisha kiingilio siku za dabi. Kweli inauma. Lakini kumbuka ule mkataba wa Azam Media na TFF wa mwaka 2021, Sh225.6 bilioni kwa miaka 10. Kabla ya kamera kufika, mechi ya mkoani ilikuwa inachezwa na matokeo tunayasikia redioni usiku, na mchezaji wa timu ndogo hakuna skauti anayemwona. Leo beki wa Namungo au Coastal Union akicheza vizuri Jumatano, Alhamisi kila mtu anamjua. Bei yake inapanda kwa sababu wewe na mimi tumelipia kifurushi. Ningependa tu sehemu ya fedha hizo ifike moja kwa moja kwenye bima ya matibabu ya wachezaji, wale wa timu za chini hasa, na Sputanza kama chama chao iwe na kiti mezani mkataba mwingine utakapojadiliwa.

Na zile tamthilia za Kituruki mama yako anazozitazama kila usiku, zilizotiwa sauti za Kiswahili, nina neno moja. Sauti ile ya mfalme, na ile ya mama mkwe mkorofi, ni za Watanzania wenzetu waliokaa studio wakilia na kucheka kwa mdomo wa mtu mwingine. Wanafanya kazi nzuri mno. Mama yako anamjua mfalme kwa sauti hata akiwa jikoni, ila jina la mwenye sauti hajawahi kuliona. Liandikwe mwisho wa kila sehemu, kwa herufi kubwa, lisomeke. Na akitokea wa kituo kingine akampa mmoja wao mshahara mara mbili, aende, mfalme atapata sauti nyingine.

Dabi inayokuja Tshabalala akipangwa upande ule, jina lake likisomwa nitasimama nimpigie makofi, na nakuomba usimame nami. Makofi ya miaka 11. Filimbi ikilia tunakaa chini, na nataka winga wetu wa kulia amkimbize mpaka aombe kutolewa.

Wako katika damu na katika nyekundu na nyeupe,

Binamu yako