Kwa wajukuu zangu mliokataliwa

Wajukuu zangu wa kiume, waume zangu wa utani,

Barua hii si ya wanaopendwa. Hao wana shughuli zao. Nawaandikia ninyi mlioambiwa hapana na bado mnapiga simu, mnatuma vocha isiyoombwa, mnamvizia binti wa watu kituoni akitoka kazini. Wenzenu wanawaambia "kaza, atalainika." Mimi nasema acheni. Na kwa kuwa maneno yangu mnayaita ya kizamani, leo nawaletea ya kizamani zaidi: ya Wagiriki wa kale na mungu wao wa mapenzi, Eros.

Yule mtoto mnene mwenye mabawa kwenye kadi za Februari amepunguzwa makali. Hesiod, mshairi aliyetunga nasaba ya miungu karibu mwaka 700 KK, anamweka Eros miongoni mwa wa kwanza kabisa kuwapo, pamoja na Dunia na shimo la Tartarus, Zeus, mfalme wa miungu, hajazaliwa bado. Anasema ni mzuri kuliko miungu wote, tena hulegeza viungo na kuishinda akili, ya miungu na ya wanadamu. Mji wa Thespiae ulimtukuza kupita mungu mwingine yeyote, na sanamu yake ya kale kuliko zote pale ilikuwa jiwe tu, halijachongwa. Baadaye ndipo akawa mwana wa Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi, naye akawa na upinde.

Habari ya upinde huo wengi wenu mnaijua nusu. Mishale ilikuwa ya aina mbili. Ovid, mshairi wa Roma wa mwanzoni mwa karne ya 1 BK, anasimulia kwamba mungu Apollo, ametoka kuliua joka Python, alimcheka Eros (Warumi walimwita Cupid) kwa kubeba silaha za wakubwa. Apollo akachomwa mshale wa dhahabu, wenye ncha kali, uletao mapenzi. Daphne, binti wa Peneus, mungu wa mto, akachomwa wa madini ya risasi, butu, ufukuzao mapenzi.

Apollo akaanza kumkimbiza, na huku anakimbia anajinadi: baba yangu Zeus, mji mtakatifu wa Delphi ni wangu, muziki wangu, dawa zangu. Mnamtambua? Ndiye yule anayemwandikia binti ukurasa mzima wa kazi yake na kiwanja alichonunua. Daphne hakusimama kusikiliza. Alipoishiwa nguvu alimwomba baba yake ambadilishe umbo, akageuka mti wa mlaureli. Apollo akaukumbatia mti, kisha akatangaza kwamba majani yake yatakuwa taji lake. Watu hupenda kusimulia kisa hiki kwa kumsikitikia Apollo. Mimi sina machozi naye. Msichana anayeona heri awe mti kuliko kushikwa na mungu mzuri vile, amekwisha kujibu.

Wala msidhani Wagiriki waliwapendelea wanaokataa. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, anaeleza asili ya madhabahu moja mjini Athens. Timagoras, mgeni mkazi, alimpenda Meles, kijana wa Athens. Meles akamdharau, akamwambia apande juu ya mwamba akajirushe. Akajirusha kweli. Meles naye akaingiwa na majuto, akajirusha palepale. Wageni wakazi wakajenga madhabahu ya Anteros, mlipiza kisasi cha penzi lililodharauliwa. Kwa hiyo siku mtakapokuwa ninyi wa kukataa, kataeni bila matusi. Na aliye na mawazo ya Timagoras asilale nayo peke yake. Anigongee mlango hata usiku wa manane, au amwendee mtu mwingine anayemwamini.

Huyo Anteros ana habari nyingine, nayo ndiyo iliyonikalisha kuandika. Themistius, msemaji wa karne ya 4 BK, anasimulia kwamba Eros alipozaliwa hakukua. Aphrodite akahangaika, akaenda kwa Themis, mungu wa kike wa sheria, akaambiwa: mtoto huyu anahitaji ndugu. Akazaliwa Anteros, penzi linalojibu. Wakiwa pamoja Eros hurefuka; akiachwa peke yake husinyaa. Hata Waingereza wamemsahau mdogo mtu: sanamu ya Piccadilly Circus, London, iliyozinduliwa 1893, wote huiita Eros, ilhali Alfred Gilbert aliyeitengeneza alikusudia Anteros.

Sasa hesabuni wenyewe. Kama kwa miezi yote hii ni wewe unayepiga, wewe unayetuma, wewe unayesubiri getini, huyo ndugu hajazaliwa, wala vocha haitamzaa. Wewe si mbaya. Mshale uliompata yeye si uliokupata wewe, na hakuna aliyeuchagua wake.

Namruhusu kila mmoja wenu ujumbe mmoja tu wa mwisho: "Nimekuelewa, sitakusumbua tena." Msiweke alama ya kuuliza. Mkishautuma, futeni namba, na Jumapili njooni mnisaidie kupalilia.

Bibi yenu.