Tupeni uwa wa kufanyia mazoezi

Mheshimiwa Mhariri, assalamu alaykum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe hili linaloniuma.

Mie napiga sanduku, lile besi letu la uzi mmoja, kwenye kikundi cha kidumbaki, taarabu ndogo ya maharusini, hapa Ng'ambo. Miaka kumi na moja tulikuwa tunafanya mazoezi uwani kwa mzee mmoja, kodi hatulipi, mwenyewe anatoka na kikombe chake cha kahawa anakaa kizingitini anasikiliza. Mzee kafariki, Mungu amrehemu, warithi wameikodisha nyumba nzima iwe gesti ya watalii na sisi tukapewa wiki mbili. Siwalaumu, nyumba yao. Lakini tangu siku ile sanduku liko kwangu chini ya kitanda, vidumbaki, zile ngoma zetu ndogo, viko Jang'ombe, fidla iko Mwera, harusi ikija tunakutana huko huko shughulini tunapiga zile zile za zamani maana mpya hatuna pa kuzitungia.

Nikiwaangalia wenzetu wa visiwa vya Karibi naona ni yale yale. Trinidad wana pan, mapipa ya mafuta yanagongwa mpaka yanatoa noti za muziki, imetoka mitaa ya masikini kama sanduku letu lilivyotoka kwenye kasha la chai, na mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ukaipa siku yake, tarehe 11 Agosti. Sifa zote hizo lakini ule uwanja wa mazoezi, wenyewe wanauita panyard, bendi nyingi zimekaa kwenye ardhi isiyo yao. Desperadoes, bendi kubwa kabisa, walishuka kwenye kilima chao cha Laventille kwa sababu ya risasi wakawa wanahama hama. Kuna na Alice Yard, pahala pa wasanii huko huko Trinidad, ilianza 2006 nyuma ya nyumba ya watu mtaa wa Woodbrook, uwa tu kama wetu, 2020 wakahamia Belmont. Haiti ndio usiseme, Centre d'Art, nyumba ya sanaa ya Port-au-Prince ya tangu 1944, ilianguka na tetemeko la 2010, na sasa magenge yameshika sehemu kubwa ya mji.

Watu wanaona jukwaa wanadhani ndipo muziki ulipo. Muziki uko uwani! Kule kwa mzee watoto wa jirani walikuwa wanapanda ukutani kututazama, mmoja akaanza kushika cherewa za kutikisa, akahamia mkwasa, vile vijiti vya kugonga, leo ndie anaepiga vidumbaki na hakuna aliyemkalisha kumfundisha. Sasa huyo wa baada yake atapanda ukuta gani?

Kila Februari Ngome Kongwe inajaa wageni wa tamasha la Sauti za Busara, ni vizuri na nnafurahi. Ila wanaoshika nyumba za umma nawaomba uwa mmoja tu, hata wa skuli unaokaa mtupu jioni, vikundi vitatu vinne tugawane siku, na iwe kwa maandishi, miaka mitano, sio kwa hisani ya mtu ambae akifa na sisi tunatoka. Kodi tutachanga.

Sisi tunataka Jumatatu na Alhamisi, baada ya alasiri, na adhana ya magharibi ikilia tunafunga.

Mpiga sanduku,
Ng'ambo, Unguja