Barua ya wazi kwa Kamanda wa Polisi Mkoa wa Tanga: habari ya "kusikilizwa" imetuingia majumbani

Mheshimiwa Kamanda,

Salaam. Mimi ni fundi simu hapa Ngamiani. Meza yangu iko barazani mbele ya duka la vitambaa, na kwa miaka mingi watu wameniletea vioo vilivyopasuka, chaji zisizoingia na simu zilizotumbukia baharini. Wiki hizi mbili wananiletea hofu.

Jumatatu asubuhi alikuja mama mmoja anayeuza samaki Deep Sea. Akaiweka simu mezani kifudifudi, akaifunika na kanga, ndipo akaninong'oneza: "Fundi, nitolee laini. Wananisikiliza." Nikamuuliza ni nani hao. "Polisi, mwanangu. Imeandikwa." Laini hiyo ndiyo anayopokelea hela za wateja wake wa Muheza na Korogwe. Alikuwa ameizima siku tatu, na katika siku hizo tatu oda mbili za papa mkavu zilikwenda kwa mwingine.

Aliyoisoma ni habari inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, inayodai kwamba polisi wa Tanga wanasikiliza simu zote na kusoma meseji zote za wakazi wa mji. Nimeisoma zaidi ya mara nne, nikaichambua kama ninavyofungua simu, kipande kimoja kimoja. Naomba nikueleze nilichokikuta, kwa sababu mwisho wake nina ombi kwako.

Kwanza haina tarehe. Inasema "jana usiku", na kila anayeipokea anaona ni jana yake. Haina jina la mwandishi. Chanzo chake ni "afisa wa ndani ambaye hakutaka kutajwa". Waandishi wa kweli nao huficha vyanzo, lakini hubaki wao wenyewe, na jina lao, wa kuulizwa. Hapa hakuna wa kuulizwa hata mmoja.

Picha iliyokuja na habari hiyo nimeikuza kwenye kompyuta. Kuna nguzo yenye kamera nne, na chini yake foleni ya magari yanayokwenda kwa kufuata upande wa kulia wa barabara. Sisi tunaendesha kushoto. Picha hiyo haikupigwa Tanga, wala popote Tanzania, na aliyeiweka alitegemea kwamba mtu aliyeshtuka hatazami magurudumu.

Kisha inamwambia msomaji apige *#21#, na akiona maandishi yametokea ajue anasikilizwa. Kamanda, namba hiyo huonyesha tu kama simu unazopigiwa zimeelekezwa kwenye namba nyingine. Karibu kila simu itatoa maandishi, hata ya kwako. Yule mama alipiga, maandishi yakaja kwa Kiingereza asichokisoma, na hapo hofu ikakamilika.

Ila kilichonikera zaidi ni kiungo kilichowekwa chini kabisa, cha kupakua programu ya "kujikinga". Niliifungua kwenye simu mbovu isiyo na laini. Kabla haijafanya lolote iliomba ruhusa ya kusoma meseji, kuona majina yote yaliyohifadhiwa na kutumia maiki. Anayepewa ruhusa hiyo anasoma hata namba za uthibitisho ambazo benki hutuma kwa meseji. Yaani mtu ametishwa kuhusu kusikilizwa, kisha akapelekwa kwa mkono hadi kwa anayetaka kumsikiliza. Nimewafutia programu hiyo watu kumi na mmoja, na hao ni waliofika mezani kwangu tu.

Sasa nikuambie kwa nini habari hii imeshika, maana hapo ndipo penye uzito. Imefunga mambo matatu kwa kamba moja. La kwanza, kamera: kila mtu anaziona kwenye mabenki na vituo vya mafuta. La pili, alama za vidole: sote tulipanga foleni kusajili laini mwaka 2019, hadi muda ukaongezwa mpaka tarehe 20 Januari 2020. Mawili hayo ni kweli. La tatu, kwamba kila simu ya kila mtu inasikilizwa, halikuletewa ushahidi wowote, ila limepandishwa juu ya mgongo wa mawili ya kweli, na msomaji aliyekwisha kuitikia "naam" mara mbili anaitikia na ya tatu. Nikiwaeleza watu hivyo barazani wananijibu, "Fundi, lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Na siwezi kuwajibu kwamba hakuna kitu kabisa, kwa sababu nitakuwa nawadanganya mimi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuamuru mtu atoe data kwa ajili ya upelelezi wa kosa, bila kuanzia kwa hakimu. Watu wanakumbuka pia kwamba Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums, jukwaa la majadiliano mtandaoni, alikamatwa katika mvutano wa kutotoa taarifa za watumiaji wake. Uwezo wa namna hiyo upo kisheria, na mwananchi ana haki ya kuuliza unatumikaje, maana Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha yake na mawasiliano yake. Lakini amri ya kutaka data ya mtu fulani katika upelelezi fulani ni mbali sana na kusikiliza mji mzima. Tofauti hiyo ndiyo habari ile imeifuta, na mimi fundi sina mamlaka ya kuirudisha. Wewe unayo.

Ombi langu, Kamanda, ni karatasi moja. Iandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, ibandikwe Chumbageni, soko la Mgandini, stendi ya Kange na pale Deep Sea mnadani. Iseme kama polisi wana kamera mitaani au hawana. Kama wanazo, nani anazitazama na picha zinakaa muda gani kabla ya kufutwa. Iseme ni lini polisi wanaweza kuomba taarifa za simu ya mtu, kwa sheria ipi, na anayeona ameonewa apeleke wapi malalamiko. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na tume yake ipo. Watu wengi wanaokuja kwangu hawajawahi kuisikia. Sikuombi siri za upelelezi. Naomba yale ambayo mwizi akiyajua hayamsaidii, na mama muuza samaki akiyajua analala.

Kuna jambo jingine, na hili naliandika kwa moyo mzito. Kifungu cha 16 cha sheria ileile ya 2015 kinaadhibu kusambaza taarifa za uongo, faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Tafadhali, usikianzie kwa waliosambaza. Wengi wao ni watu wazima waliotaka kuwaonya wanao. Mjukuu wa yule mama aliituma kwenye grupu la madrasa kwa nia njema kabisa. Mtafuteni aliyetengeneza ile programu. Simu mbovu niliyoijaribia ninayo bado, sijaifuta kitu, na nitaileta mwenyewe kwa afisa yeyote utakayemtaja.

Mama alirudi Alhamisi. Laini nimeirudisha, simu ikaita palepale, mteja wa Korogwe. Alinitazama kwanza kabla ya kupokea, kisha akaenda kuongelea uchochoroni, akiwa ameziba mdomo na kanga.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi simu, Ngamiani, Tanga