Gari lazima ulisikie

Nyegezi, Mwanza
Jumapili jioni

Baba Neema swahiba,

Mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi ya Kisukuma, ingawa najua utaisoma hii usiku ukishatoka kazini. Huku sisi wazima. Mvua imenyesha tangu alfajiri, mawe ya mlimani yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na Mama Kulwa anakusalimu sana. Anauliza Neema ameshaanza shule au bado.

Nimepata habari ya pesa yako ya kikoba. Unauliza ununue joistiki ya gemu za ndege yenye mota inayousukuma mkono wako, ile wanayoiita fosi fidibeki, au ubaki na yako ya springi. Na kama usukani wa gemu za magari wenye mota una faida yoyote au ni maneno ya wauzaji tu. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu chumba changu cha gemu kinaingia mwaka wa nne na jambo hili naliona kila siku kwenye mikono ya watu.

Usukani nunua wenye mota. Hapo sina shaka hata kidogo.

Mwezi uliopita shemeji yangu, yule anayepakia dagaa Mwaloni pale Kirumba na kuwapeleka Dar kwa Fuso, alipita kunisalimia. Ana zaidi ya miaka ishirini barabarani na hajawahi kugusa gemu. Nikamkalisha kwenye Euro Truck Simulator 2, gemu la kuendesha malori, mota za usukani nimezizima kwa makusudi. Kona ya pili akaingia mtaroni. Akarudi barabarani, akaingia tena. Akaniangalia, akasema, "Shemeji, gari hili silisikii."

Neno hilo sijalisahau. Barabara alikuwa anaiona vizuri kabisa kwenye kioo kikubwa cha gemu, na muungurumo wa injini ulikuwa unatoka kwenye spika. Alichokosa ni kile ambacho dereva anakisikia kwa viganja.

Nikawasha mota, nikamwekea gemu lingine, BeamNG.drive, pikapu kwenye barabara ya vumbi. Kitu cha kwanza alichofanya, bila kuambiwa, ni kutoa vidole gumba nje ya usukani na kuviegemeza juu ya ukingo. Madereva wengi wa barabara mbovu hushika hivyo, maana tairi likigonga jiwe usukani hujizungusha ghafla na unaweza kumvunja mtu kidole. Mwili wake ulishaamini kwamba lile ni gari. Dakika chache baadaye, kwenye kona ya kushoto, akaachia mafuta na kurudisha usukani kiasi cha nusu kiganja. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, macho kwenye kioo, na sikuwa nimeona kosa lolote. Ndipo nikaona pua ya pikapu ikitelezea nje kidogo, kisha ikashika. Alishalitibu kabla sijajua kuna ugonjwa.

Sababu yake iko kwenye tairi lenyewe. Gari likikata kona, mpira wa tairi la mbele hujipinda pale unapogusa ardhi, na nguvu inayolivuta kwenda upande hukaa nyuma kidogo ya katikati ya gurudumu. Nguvu hiyo ndiyo inayotaka kulinyoosha tairi, na ndiyo uzito unaousikia kwenye usukani. Ongeza na ule mhimili ambao gurudumu hugeukia, umelazwa kidogo kwa nyuma, kama uma wa mbele wa baiskeli ya Phoenix tuliyokuwa tunaiachia mikono kwenye mteremko. Sasa shika hili, maana ndilo kubwa: nguvu ya kunyoosha hufika kileleni kabla tairi halijafika mwisho wa kushika. Kwa hiyo usukani huanza kuwa mwepesi, halafu ndipo gari huteleza. Mkono hupata habari mapema, jicho hupata habari ikiwa imeshachelewa. Gemu kama Assetto Corsa hukokotoa nguvu hizo kutoka kwenye tairi na kuzipeleka moja kwa moja kwenye mota. Mtu akizizima anaendesha kwa habari zilizochelewa, na si rahisi kulifidia hilo kwa ustadi.

Ndiyo maana inaniuma watu wanapochanganya nguvu na mtetemo. Usukani wangu wa kwanza, kabla ya huu wa sasa, niliuziwa kwa maneno hayohayo ya fosi fidibeki. Nilipoufikisha nyumbani ukawa unatetemeka kama simu iliyowekwa mezani, ukigonga ukuta unatetemeka, ukipanda tuta unatetemeka vilevile. Ndani mlikuwa na kijimota kidogo chenye uzani uliokaa upande, na katikati springi. Hauwezi kuwa mzito wala mwepesi. Usukani wa namna hiyo haukwambii lolote kuhusu tairi. Kwa hiyo ukifika dukani, angalia kama una adapta yake ya umeme, kwa sababu mota za kusukuma kweli kwa kawaida hazishibi umeme wa waya wa USB peke yake. Uliza pia unazunguka digrii ngapi. Huu wangu wa Logitech G29 unazunguka 900, yaani mizunguko miwili na nusu. Wa 180 au 270 hautakufundisha kukata kona ya lori.

G29 una meno ya gia ndani, na kwenye barabara mbovu unasikia kelele zake zikigongana. Ipo aina ambayo usukani unakaa juu ya mhimili wa mota yenyewe, kama Moza R5, unaofikia nguvu ya kuzungusha ya nyutoni mita 5.5 wakati wangu ni kama 2 na kidogo. Ni mzuri sana, lakini kwa kuanzia hauuhitaji. Unachohitaji ni kupunguza nguvu kwenye mipangilio ya gemu. Vijana wangu hupandisha mpaka mwisho wakidhani ndiyo uhalisia. Gemu likiomba nguvu kuliko uwezo wa mota, mota hugota. Kona ya kawaida na kona kali zote zinakuwa na uzito uleule, na ule wepesi wa kukuonya unapotea. Shusha mpaka usikie tofauti.

Tuje kwenye joistiki. Hapa inategemea unarusha nini.

Ile SideWinder Force Feedback 2 uliyoonyeshwa, ya Microsoft, nimekaa nayo wiki mbili, aliniazima jamaa wa Pasiansi. Ni chombo cha zamani, iliyoitangulia ilitoka 1997, lakini bado inasukuma. Haina springi, katikati yake inatengenezwa na mota. Kwenye kishikio kuna kihisi, ukiachia mkono inalegea. Siku moja nikiwa angani umeme ukakatika, na joistiki ikalala upande mkononi mwangu kama kuku aliyechinjwa. Moyo ulinidunda.

Ukipenda ndege ndogo, kama zile Cessna Caravan zinazopaa hapa kwenda Serengeti, itakufaa sana. Kwenye ndege hizo usukani wa rubani umeunganishwa na mabawa na mkia kwa nyaya. Mwendo ukiongezeka unakuwa mgumu, ukipungua unalegea, na ulegevu huo ni onyo. Kisha kuna trimu: rubani hushikilia uzito, anazungusha gurudumu la trimu mpaka uzito unaisha mkononi, na usukani unabaki palepale ulipo. Kwenye springi hilo haliwezekani, kwa kuwa katikati yake haihami. Inabidi urudishe joistiki huku ukizungusha trimu, ukibahatisha. Kwa joistiki ya mota nilifanya trimu kwa mkono mmoja tu, kwa utulivu, na nikaelewa kwa mara ya kwanza trimu ni ya nini.

Lakini najua wewe unazipenda Airbus, hasa A220 za Air Tanzania. Joistiki ya rubani wa A220 haiunganishwi na bawa kwa waya wa chuma. Inatuma ishara kwa kompyuta, na upepo haurudishi uzito wowote mkononi. Springi yako tayari iko karibu na ukweli wake. Kwa hiyo pesa ya joistiki iache, yote iweke kwenye usukani. Pia angalia kwanza kama gemu lako linatambua mota. Yapo yasiyotuma nguvu yoyote kwenye joistiki mpaka uongeze programu nyingine.

Kabla hujanunua pima unene wa ubao wa meza yako, kwa sababu vibano vya usukani havishiki meza nene sana, na meza nyepesi itatembea. Nitumie picha yake nikuangalizie. Na ukija Desemba, shemeji amesema atakuwepo. Anataka umwone kwenye ile kona ya kushoto.

Wako,
Baba Kulwa