Kukosa kufika mahakamani humwangukia pia mdhamini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie madhara ya kutofika mahakamani siku ya shauri, hasa kwa wadhamini, ambao husahaulika jambo hili linapojadiliwa.

Mshtakiwa aliye nje kwa dhamana akikosa kufika bila sababu ya msingi, mahakama inaweza kutoa hati ya kumkamata na kumfutia dhamana, na aliyemdhamini, pengine mjomba au jirani aliyetia saini kwa kuona haya tu, akaitwa aeleze kwa nini asilipe fedha alizoahidi kwenye bondi. Katika kesi za madai hakuna hati ya namna hiyo, lakini mdai asipotokea shauri linaweza kufutwa, na mdaiwa asipotokea likasikilizwa upande mmoja. Wengi hudhani siku ya kesi kutajwa si lazima kwenda, kwa kuwa mashahidi hawasikilizwi. Dhana hiyo huwaponza hata wasio na nia ya kukimbia.

Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini Tanzania. Napendekeza basi kila mshtakiwa na mdhamini wake wapewe, kabla ya kuondoka, karatasi fupi ya Kiswahili yenye tarehe ijayo na namba ya karani wa kupigiwa endapo mtu ataugua au kufiwa. Aliyekwisha kukosa naye asijifiche, bali aende upesi na cheti cha hospitali, kwani mahakama iliyotoa hati ina mamlaka ya kuiondoa.

Msomaji wako,
Morogoro